Vema Nyekundu

Mama mkwe aliingia ndani akiwa bado na sare ya hospitali. Siku zote aliivua kazini na kuifunga kwenye mfuko, kwa sababu alisema magonjwa ya watu hayana haja ya kujua anakokaa. Siku hiyo alipita nayo sebuleni, akaingia nayo jikoni, akasimama nyuma ya mke wa mwanawe aliyekuwa akimenya viazi.

"Ticha," alisema. "Acha viazi."

Yule binti akaacha viazi. Jina la Ticha alipewa na mama mkwe mwenyewe wiki ya kwanza baada ya harusi, na halikuwa jina la sifa. Alikuwa amesomea ualimu wa Kiingereza, cheti anacho, ajira hana. Kwa hiyo kila alipounguza sufuria au kusahau nguo kwenye kamba mvua ikija, jina lilikuwa limekaa tayari kumngoja. Kumbe hata maticha wanaunguza.

"Hicho Kiingereza chako ulikisomea miaka mingapi?"

"Mitatu, mama. Ukiacha ile ya sekondari."

"Mimi nina wiki tatu." Mama mkwe alivuta kigoda akakaa. "Nisikilize, na usinikatize."

Hospitali ilikuwa imepata wenyewe wapya. Wenyewe hao hawakusoma Kiswahili, na walitaka kila mhudumu wa wodi aandike ripoti ya zamu yake kwa Kiingereza: nani amekula, nani ametapika, nani amebadilishiwa shuka, nani ameanguka akienda chooni. Kutakuwa na mtihani. Ukurasa mmoja wa ripoti, wenye herufi kubwa mahali pake, maneno yaliyoandikwa sawasawa, na nukta. Atakayefaulu atabaki wodini. Atakayeshindwa, nafasi yake itachukuliwa na watu wa kampuni ya usafi. Asiyetaka mtihani angeweza kuomba kwenda chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, kwa mshahara mdogo zaidi, lakini nafasi za kule zilikuwa chache.

"Na wewe mama utafanya mtihani?" Ticha aliuliza.

"Kwani naonekana mtu wa kufua?"

Nyumba ile ilisimama juu ya mshahara wa mama mkwe. Mumewe Ticha alikuwa fundi umeme, tena mzuri, lakini kazi zake zilikuja kwa vipindi. Wiki moja angepata nyumba nzima ya kutandaza nyaya, kisha mwezi mzima angekaa akingoja mtu mmoja mwenye soketi iliyolegea.

"Tutaanza kesho nikitoka kazini," mama mkwe alisema akiinuka. "Na yule jirani wa ukuta wa pili asisikie. Akisikia, nitajua ni wewe uliyemwambia."

*

Walisomea kwenye meza ya jikoni, jua la alasiri likiwa bado dirishani. Mama mkwe alikuja na kalamu mbili, moja ya akiba, na miwani ya kusomea aliyoinunua kwa mchuuzi wa barabarani bila kupimwa macho. Alikuwa mwanafunzi mbishi.

"Sentensi inaanza na herufi kubwa, mama."

"Kila sentensi?"

"Kila sentensi."

"Hata kama habari yenyewe ni ndogo?"

"Hata hivyo."

"Na jina la mgonjwa?"

"Herufi kubwa."

"Na kitanda?"

"Ndogo."

"Kitanda nakitandika mimi kila siku ya Mungu, kinabaki kidogo. Mgonjwa kafika jana, mkubwa. Haya, lugha ya watu."

Siku waliyofika kwenye neno la Kiingereza la "mimi", mama mkwe aliweka kalamu chini. Aliambiwa hilo huandikwa kwa herufi kubwa popote linapokaa, hata katikati ya sentensi. Akauliza kuhusu neno la "wewe". Ticha akasema hilo ni herufi ndogo, isipokuwa likianza sentensi.

"Mimi mkubwa, wewe mdogo," alisema mama mkwe. "Hii ningeifundisha mimi, na cheti sina."

Neno la "goti" ndilo lililomuudhi kuliko yote. Lilianza na herufi K, na Ticha alimwambia hiyo haisemwi, iko tu.

"Iko tu inafanya nini?"

"Haifanyi kitu, mama. Ndivyo lilivyo."

"Haina kazi na haitolewi?" Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga. "Mbona sisi wakisema hatuna kazi wanatutoa?"

Ticha alicheka, kisha akaona mama mkwe hacheki, akanyamaza.

Kwenye nukta alitumia njia aliyofundishwa chuoni: weka nukta pale unapopumua. Hakukumbuka kwamba mama mkwe alikuwa na kifua kibovu, na alipumua kila baada ya maneno matatu. Karatasi ilirudi kama imenyunyiziwa pilipili manga.

Siku ya tatu mama mkwe aliandika ripoti yake ya kwanza peke yake, mistari sita, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Ticha akachukua kalamu nyekundu aliyokuwa nayo tangu mazoezi ya kufundisha. Alifanya kama alivyozoea. Kwenye herufi kubwa ya kwanza akaweka alama ya vema. Kwenye kitenzi kilichofuata akaweka msalaba, mdogo sana, wa kukaribia kuomba radhi.

Mama mkwe aliinama akautazama. "Hiki ni nini?"

"Ni kosa, mama."

"Kosa langu?"

"La kitenzi."

"Kitenzi si nimekiandika mimi?"

Akaikunja karatasi, akainuka, akaosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Hakusema neno lolote kuhusu msalaba ule. Ila jioni hiyo, kwa kauli yake, mboga ilikuwa na chumvi kidogo mno. Kesho yake taulo zilikunjwa vibaya, kisha ikaulizwa kama huko kwao Ticha walikuwa wakifagia kuanzia mlangoni kurudi ndani. Keshokutwa maji ya kuoga yalikuwa ya moto kupita kiasi, halafu ya baridi kupita kiasi, na ilikuwa ndoo ileile.

"Ukimsahihisha kwenye karatasi," mumewe alimnong'oneza, "atakusahihisha nyumba nzima. Utapata wapi nyumba nyingine?"

Alisema kwa mzaha. Ticha hakuuchukua kwa mzaha.

*

Tangu hapo aliweka vema tupu. Hakupanga kudanganya. Alijiambia kwamba atarekebisha kwa njia ya adabu: mama mkwe akimaliza kuandika, yeye angesema, "Ngoja nikunakilie vizuri, mama, hii karatasi imejikunja." Katika kunakili angetoa nukta zilizozidi, angegeuza kitenzi, angepachika herufi iliyosahauliwa. Mama mkwe angeisoma ile nakala, aione inapendeza, na kwa sababu maneno mengi yalikuwa yake, angeamini yote ni yake. Mwenye kosa hangejua kwamba alikosea, na kosa lingetoweka. Kwa Ticha hiyo ilionekana heshima.

Na vema zile zilifanya kazi. Mama mkwe alianza kurudi kutoka hospitali akiimba puani. Karatasi alizipanga chini ya godoro, na mara mojamoja alizitoa kuzitazama, kama mtu anayetazama picha za ujana wake. Jumapili alipakua kuku, akapita mikono ya mwanawe iliyonyooshwa, akaweka paja kwenye sahani ya mke.

"Kula, mwanangu. Kichwa kinachofundisha hakishibi majani."

Mwanangu. Ticha aliinama juu ya sahani ili asionekane uso. Alikuwa ameishi katika nyumba ile mwaka na zaidi, amefua, amepika, amekaa kimya panapostahili kimya, na neno hilo lilikuwa halijawahi kumgeukia. Sasa lilikuja kila siku. Kila alasiri, kalamu nyekundu ilipoinuka juu ya kitenzi kibovu, alilisikia tena, na mkono ukaweka vema.

*

Wodini, wahudumu wengine walikuwa wakisoma kila mmoja kwa njia yake. Mmoja alikariri maandishi ya kwenye chupa za dawa. Mwingine alikuwa na mjukuu wa kumfundisha. Mama Pacha, aliyefanya kazi na mama mkwe tangu wote wakiwa na viuno vyembamba, hakusoma chochote.

"Mimi nimeomba kufua," alisema wakikunja shuka, mmoja huku na mwingine kule. "Hawajanijibu. Wewe je?"

"Mimi nina vema tupu."

"Tupu kabisa?"

"Vuta pembe hiyo, shuka inaburura."

Siku nne kabla ya mtihani, Metroni, mkuu wa wauguzi, alipita na orodha. Alikuwa mwanamke mwema mwenye sauti ambayo haikujua kunong'ona. Alisimama katikati ya wodi, mbele ya wauguzi wawili vijana na wagonjwa waliokuwa macho.

"Nimebakiwa na nafasi moja kule kufulia," alimwambia mama mkwe. "Nimekufikiria wewe. Umri huo, na miguu inavimba, hii mitihani ya nini? Kule mnakaa."

Wauguzi vijana waliangalia chini, mmoja wao akiwa na tabasamu. Mama mkwe alitegemeza fagio ukutani.

"Mpe mwingine."

"Una uhakika? Kesho mchana napeleka majina ofisini."

"Nasomeshwa na mwalimu mwenye cheti, Metroni. Nyumbani kwangu mwenyewe."

Alisimulia hayo yote jioni wakila, akiiga sauti ya Metroni na shingo yake. Mwanawe alicheka mpaka akapaliwa. "Nikamwambia, mpe mwingine," alirudia mama mkwe. "Ungeona uso wake. Mimi nikafue, na vema zote hizi? Ticha, mbona huli?"

"Nakula, mama."

Kijiko kilikuwa kimesimama katikati ya sahani.

*

Alimkuta mumewe uani akizungusha nyaya kwenye kiwiko.

"Mwambie wewe," alimwomba, baada ya kumweleza yote.

"Nimwambie nini? Kwamba mke wangu amemdanganya wiki mbili? Halafu mimi nitakaa upande gani wa meza?"

"Ni mama yako."

"Ndiyo maana namwogopa." Aliacha nyaya. "Hebu kwanza. Anajua kiasi gani, kweli? Usinipe vema na mimi."

Ticha alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Herufi kubwa anajua. Maneno ya wodini anaandika vizuri, labda matatu kati ya manne. Nukta anajua nusu."

"Na vitenzi?"

"Wagonjwa wake wanakula jana na kutapika kesho."

Mumewe alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Akatazama dirisha la jikoni, ambako mama yake alikuwa akiimba huku akipanga vyombo.

"Hatafaulu."

"Hapana."

"Na ile nafasi ya kufua inafungwa kesho mchana."

"Ndiyo."

"Basi utamwambia asubuhi," alisema polepole. "Mapema, kabla hajavaa viatu. Akishavaa viatu hakuna mtu anayemrudisha."

*

Mama mkwe alikuwa amevaa kiatu kimoja. Ticha aliweka karatasi mbili juu ya meza, mbele yake, na akabaki amesimama.

"Hii uliandika wewe, mama. Juzi. Na hii ndiyo niliyokunakilia."

"Najua."

"Naomba uzisome zote mbili."

Mama mkwe alivaa miwani. Alisoma ya kwanza akifuata kwa kidole, kisha ya pili, kisha akaweka kidole cha mkono huu kwenye hii na cha mkono ule kwenye ile, akazishusha pamoja mstari kwa mstari. Alikuwa mtu wa kukagua shuka. Hakuchelewa kuona.

"Hazifanani," alisema.

"Hazifanani."

"Na hii yangu uliiwekea vema."

"Niliiwekea."

"Ina makosa mangapi?"

"Kumi na saba."

"Kumi na saba." Mama mkwe alisogeza karatasi karibu na dirisha. "Na hapa juu umeandika nini?"

"Kazi nzuri sana."

Chumbani, kitanda kililia. Mumewe alikuwa ameamka na alikuwa ameamua kubaki humo.

"Kwa nini?"

"Niliogopa, mama."

"Nimewahi kukupiga?"

"Hapana."

"Kukutukana?"

Ticha alifikiri. "Kidogo."

Chumbani mtu alikohoa. Mama mkwe hakugeuka. Alikuwa akimtazama msichana huyu mwembamba aliyeshika ukingo wa meza kama anayesafiri nayo, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba mikono ile ilikuwa ikitetemeka kila siku na yeye alidhani ni tabia ya mikono yake.

"Ulikuwa umeanza kuniita mwanangu," Ticha alisema. Sauti ilikuwa ndogo mno hata mama mkwe ilibidi ainame. "Nilitaka uendelee."

Mama mkwe alichukua kiatu cha pili, akakivaa, akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena.

"Basi umenifanya mimi ndiye mtoto," alisema. "Mtoto ndiye anayechora kiti, ukamsifu kwa mbuzi mzuri."

Akatoka. Karatasi hakuzigusa.

*

Hospitalini hakungoja lifti. Alipanda ngazi akisimama kila ghorofa kutafuta pumzi, mkono kwenye ukuta. Metroni alikuwa kwenye meza ya wauguzi na wale vijana wawili, akigawa zamu.

"Ile nafasi," mama mkwe alisema. "Ya kufua. Naichukua."

Metroni aliinua uso. "Jamani. Nimempa Mama Pacha asubuhi hii hii. Ameshashuka na ndoo zake."

"Hata haijafika mchana."

"Ulisema nimpe mwingine. Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema."

"Kwani imekuwaje?" aliuliza muuguzi mwenye tabasamu. Hakuwa na ubaya mkubwa. Alikuwa na umri mdogo na usingizi. "Si una mwalimu mwenye cheti nyumbani?"

Mgonjwa wa kitanda cha karibu alijifanya anakunywa maji. Mama mkwe alisikia joto likimpanda shingoni. Angeweza kusema yote pale pale, akamvika yule binti aibu hii yote, naye abaki mwepesi. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Ninaye," alisema, akaenda kuchukua fagio.

Kutwa nzima alifanya kazi kama anayegombana na sakafu. Alitandika vitanda, akamlisha kizee mmoja uji kijiko kwa kijiko, akabeba mabeseni. Na bila kutaka, alijikuta akijisemea kila kitu kwa Kiingereza chake. Kizee anakula. Alikula. Atakula. Hakujua lipi ni lipi. Hilo ndilo lililomwuma zaidi, kwamba jana, akiwa na kichwa kilekile, alikuwa anajua.

*

Alipofika nyumbani Ticha alikuwa amesimama katikati ya jikoni, hakuna alichokuwa anafanya.

"Nafasi imekwenda," alisema mama mkwe.

Ticha alifunika mdomo kwa kiganja. "Mama, nisamehe."

"Kwenye mtihani kuna swali la msamaha?"

"Hapana."

"Basi msamaha tutaufanya siku nyingine. Lete kalamu yako."

Akaandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa, kisha akausukuma ng'ambo ya meza. "Weka alama. Usinirukie hata moja. Ukinirukia nitajua, maana safari hii nitahesabu uso wako."

Ticha alianza. Msalaba wa kwanza ulitoka mwembamba. Wa pili ulitoka sawasawa. Mama mkwe alitazama dirishani, kama wanavyotazama watu wakichomwa sindano. Ilipokwisha, akageuka na kuona ukurasa wake, akavuta pumzi ndefu, na midomo ikamcheza kidogo.

"Nyekundu yote hiyo ilikuwemo humu?"

"Ilikuwemo, mama."

"Mungu wangu. Haya. Hili la kwanza ni nini?"

Hazikuwa siku nzuri. Mama mkwe alipiga meza. Alisema Kiingereza kilitungwa na mtu aliyekuwa na madeni. Alisema Ticha ana roho ngumu, sura tu ndiyo laini. Siku moja, kwenye kitenzi kilekile kwa mara ya nne, alisukuma karatasi.

"Hiki niachie. Nimechoka."

Ticha aliitazama karatasi, akamtazama mama mkwe, mwenye macho mekundu na miwani isiyo ya macho yake. Alitamani sana kumwachia.

"Bado ni kosa, mama," alisema.

Mama mkwe aliivuta tena karatasi. Neno mwanangu halikusikika jikoni mle siku zote hizo, wala jina la Ticha halikusikika. Alimwita "wewe", basi. Mume wa Ticha alikula haraka na kwenda kujilaza, akisema nyumba imekuwa na umeme mwingi kuliko anaoweza kuushika yeye.

*

Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi wa kulia chakula wa wafanyakazi. Mama mkwe aliandika sentensi fupifupi. Alipokuwa hajui neno, alilizunguka akatafuta analolijua. Mkono ulimtoka jasho, akaufuta kwenye sare. Alipomaliza aliirudia mstari kwa mstari, kama alivyofundishwa, na akakuta makosa mawili yake mwenyewe. Hilo lilimshangaza; hakuwahi kufikiri kwamba kosa linaweza kuonekana na aliyelifanya.

Majibu yalibandikwa Jumatatu. Hakufaulu. Alikosa alama chache tu, na Metroni alieleza, kwa sauti ile ile, kwamba waliokosa chache watarudia mwezi ujao, na kwa sasa watafanya nusu zamu kwa nusu mshahara. Wengine, waliokuwa chini zaidi, walipewa barua zao palepale. Mmoja wao alisoma barua akiwa ameishika juu chini, na hakuna aliyemwambia.

Wa kurudia walikuwa sita. Walisimama kwenye korido, mikoba mikononi.

"Hospitali haina fungu la mwalimu," Metroni alisema. "Kile chumba cha pasi kiko wazi alasiri, mnaweza kukitumia. Mwalimu mtafuteni wenyewe. Kuna mwenye mtu?"

Wote walitazama sakafu. Muuguzi yule kijana alikuwa akipita na trei, na safari hii hakutabasamu.

"Mimi nina mtu nyumbani," alisema mama mkwe.

"Yule wa cheti?" Metroni alisita. Majibu yalikuwa bado ukutani, nyuma ya kichwa chake. "Anafundisha vizuri?"

Mama mkwe alihamisha mkoba mkono wa pili.

"Ni mkali," alisema.

Nyumbani alileta habari zote mbili kwa pamoja, amesimama mlangoni. Mwanawe alisema atakwenda kumwomba mwenye nyumba muda, na kuna duka jipya la kutandaza nyaya, wakimpa. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia Ticha, aliyekuwa ameanza kulia.

"Machozi ya nini? Kesho saa tisa. Vaa lile gauni la bluu, hilo lingine linakufanya uonekane unaomba kazi."

"Mama, mimi siwezi. Ni watu wazima. Wote ni mama zangu."

"Ndiyo kazi yenyewe."

*

Chumba cha pasi kilikuwa na joto na harufu ya pamba iliyoungua kidogo. Wanawake sita walikaa juu ya vikapu vya nguo vilivyopinduliwa, mbao za pasi zikiwa meza zao. Walimwona msichana mwembamba mwenye gauni la bluu akisalimia mmoja baada ya mwingine, kwa kuinama, kwa sauti ya kuomba, na wakatazamana. Mwanamke mnene aliyekaa karibu na mlango alimnong'oneza mwenzake kwamba huyu ataendeshwa.

Aliwapa mistari mitano ya kuandika. Walipomaliza, mama mkwe ndiye aliyeinuka kwanza na kumpelekea karatasi, kisha hakurudi kukaa. Alisimama hapo, mikono nyuma, mbele ya wote.

Ticha alichukua kalamu nyekundu. Wanawake walitazama mkono wake na uso wa mama mkwe, uso na mkono, kama wanaongoja chungu kichemke. Aliweka vema mbili. Halafu akaweka msalaba. Akaendelea mpaka chini.

"Makosa matano," alisema. Ilikuwa sauti ambayo hata wa mlangoni aliisikia.

Mama mkwe aliichukua karatasi akaisoma.

"Matano," aliwaambia wenzake. "Huyu nyumbani hata maji ya kunywa ananiomba ruhusa. Kwenye karatasi hana mama mkwe. Kwa hiyo asitokee mtu hapa akanuna." Akarudi kwenye kikapu chake, akakaa, akavaa miwani na kuanza kulifuta kosa la kwanza. "Haya, mwanangu, endelea. Nani anafuata?"

Mwanamke mnene wa mlangoni aliitazama karatasi yake kwa muda. Kisha akainuka, akaipeleka mbele.